Habari za Habib Swaleh wa Lamu, Mwalimu wa Riyadha na Jirani wa Langoni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika waalimu waliosomesha pwani hii hakuna jina lililoenea kwa watu kama jina la Sayyid Swaleh bin Alawy bin Abdallah Jamalillail, aliyejulikana kwa jina la Habib Swaleh, mwenye msikiti na chuo cha Riyadha katika mji wa Lamu. Wasiojua kusoma humtaja, na wanavyuoni humtaja. Wengi wakimtaja husimulia karama zake. Karama za mawalii ni haki katika itikadi ya Ahlus Sunna, wala haifai kuzikanusha, lakini masimulizi yakiwa ni karama tupu mtu husikiliza, hustaajabu, kisha huenda zake nyumbani akiwa hana la kufuata. Habari zinazokuja hapa ni za mambo ya dhahiri aliyoyafanya: namna mwalimu mmoja mgeni, asiye na mali, alivyokaa na watu wa mtaa wake hata mtaa ukawa ndio wenye chuo.

Nasaba yake ni ya Masharifu wa Baalawy wa Hadhramaut, katika kabila ya Jamalillail. Wazee wake walihamia Pate, na kutoka Pate wakaenda Ngazija, na huko Ngazija ndiko alikozaliwa yeye, katikati ya karne ya 19. Alikuja Lamu angali kijana, akafikia kwa ami yake, akasoma kwake. Kisha akasoma kwa wakubwa wa mji, na mkubwa wao alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdurrahman, maarufu kwa jina la Sayyid Mansab, aliyezaliwa mwaka 1829 na kufariki mwaka 1922. Huyo ndiye aliyetunga Maulidi ya Barzanji kwa nadhamu ya Kiswahili, ili mtu asiyejua Kiarabu apate kuyaelewa anayoyasikia. Jambo hili si dogo. Mwanafunzi huona kwa mwalimu wake mengi zaidi ya yale anayosomeshwa kitabuni, na Habib Swaleh alimwona mwalimu wake akiinamisha elimu mpaka ikafika mikononi mwa mtu wa kawaida.

Ili msomaji aijue kazi yake, ni lazima aujue mji wa Lamu ulivyokuwa zama hizo. Mji ulikuwa na pande mbili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, kwenye majumba ya mawe, na hapo ndipo walipokaa waungwana wenye mashamba ya bara na majahazi. Upande wa kusini ni Langoni, ambako nyumba nyingi zilikuwa za miti na makuti, nako walikaa Wangazija, na Wabajuni waliotoka visiwani, na Washihiri waliokuja kutafuta riziki kwa kuchukua mizigo na kuuza vitu vidogo vidogo, na watumwa, na walioachwa huru. Mtu wa Mkomani aliweza kuishi umri wake wote asiingie Langoni illa kwa haja ya kazi. Dini ilikuwa moja, na kibla kimoja, lakini elimu ilikuwa na mtaa wake.

Elimu ilisomeshwa katika misikiti na katika majumba ya wenyewe, naye aliyesomeshwa ni mtoto wa nyumba. Hakuna aliyeandika sharti ya kuwa mwingine asiingie. Lakini mambo ya namna hii hayahitaji kuandikwa. Mtu hujua kikomo chake kwa namna anavyotazamwa anapofika mlangoni. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kusimama katika safu ya mwisho na kusujudu wengine wanaposujudu. Kulikuwa na wenye mali walioona ya kuwa mtumwa akisoma atajiona ni sawa na bwana wake. Na hapa haki isemwe: fikira hii haina asili yoyote katika madhehebu. Kujua shahada, na udhu, na swala, na saumu, na halali na haramu ya kazi yake mtu, ni fardhi juu ya kila aliyebaleghe mwenye akili, muungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke, na bwana anayemzuia mtumwa wake asijifunze fardhi huchukua dhambi juu ya shingo yake. Wanavyuoni wa Lamu waliyajua haya. Kuyajua ni jambo moja, na kuvuka kwenda Langoni na msahafu mkononi ni jambo jingine.

Habib Swaleh alivuka. Akakaa Langoni, akasomesha huko, na waliokaa mbele yake walikuwa hao hao ambao hakuna aliyewaita. Ilikuwa kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa tajiri huja chuoni asubuhi ameshiba, kibao chake kimeoshwa, na nyumbani ana baba wa kumuuliza amesoma nini. Mchukuzi na mkulima hawana asubuhi. Asubuhi yao ni ya mwenye kuwalipa au mwenye kuwamiliki. Mwalimu anayewataka watu kama hao hana budi kuwafuata katika saa zao, na awavumilie wanaposinzia kwa uchovu, na asiwahesabie ada wasiyokuwa nayo. Na mtu mzima kuanza alifu kwa kijiti ni jambo linalomtia haya. Akichekwa siku moja harudi tena. Waliosoma kwa Habib Swaleh walirudi.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa daraja ya chini. Alikuwa sharifu, na katika Lamu ya zama hizo sharifu alibusiwa mkono na kupewa nafasi ya mbele kila penye hadhara. Angeliweza kuila heshima hiyo maisha yake yote bila ya taabu. Yeye akaichukua akaenda kuitumia mahali ambapo haikutazamiwa. Alipoingia katika nyumba ya makuti kumtazama mgonjwa, mwenye nyumba ile alipata kitu ambacho hakuna mwungwana aliyekuwa amempa. Kadhalika katika mazishi: maiti wa maskini aliyefuatwa na mjukuu wa Mtume hakuwa tena maiti wa kuzikwa upesi upesi. Ndugu zake waliyaona hayo na hawakuyasahau.

Tena alikuwa akitibu. Habari za uganga wake wa kisharia, kwa kusoma Kurani na kwa dawa za miti, ni mashuhuri kwa kila aliyeandika habari zake. Watu walimjia kwa homa, na kwa mtoto asiyenyonya, na kwa akili iliyovurugika. Wengi waliofika mlangoni pake mara ya kwanza walifika kwa ajili ya mwili wala si kwa ajili ya kitabu. Lakini mama aliyeletewa nafuu ya mwanawe hakuona uzito kumleta mwana huyo huyo baadaye asome. Msomaji asidhani ya kuwa hii ilikuwa hila ya kuvutia wanafunzi. Mtu hawezi kufanya hila kwa miaka hamsini. Watu wa mtaa wangemjua katika mwaka wa kwanza.

Jambo lililozusha maneno makubwa kuliko yote lilikuwa matari. Watu wa Langoni, khasa walio katika utumwa na waliotoka utumwani, walikuwa na ngoma zao. Ngoma ndiyo iliyokuwa furaha yao, na ndani ya ngoma hizo mlikuwamo mambo ambayo sheria haiyakubali. Mwalimu mwingine angelisimama juu ya mimbari akazilaani, na waliolaaniwa wasingelisikia, kwa kuwa hawakuwapo msikitini. Habib Swaleh alitazama akaona ya kuwa watu hawa wana sauti, na wana mikono ya kupiga, na wanapenda kukusanyika, akawapa maulidi. Kikao cha kumsifu Mtume (S.A.W.) kikawa na kasida za kuitikiwa pamoja, na matari yakapigwa, na aliyekuwa bingwa wa ngoma akawa na kazi yake ndani ya msikiti. Waliozoea kusimama nje wakiwatazama wengine wakisoma Barzanji kwa Kiarabu, sasa wakawa ndio wanaotazamwa.

Waliopinga walikuwa wengi, wala si haki kuwafanya wote kuwa ni watu wa kiburi. Baadhi yao walikuwa na hoja. Msikiti ni nyumba ya ibada, na adabu zake ni utulivu. Na chombo kinachopigwa leo kwa sifa za Mtume huenda kesho kikapigwa kwa jingine. Aliye na ghera ya dini ana haki ya kuogopa hayo. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafii jambo la dufu lina nassi zake. Imam Nawawi katika Minhaj amejuzisha dufu katika arusi na katika kutahiri, na amesema ya kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu hata katika furaha nyinginezo, ingawa lina njuga. Na lililokatazwa akalitaja mbali, nayo ni ile ngoma nyembamba katikati iitwayo kuba. Basi aliyepinga dufu kwa jina la Shafii alihitaji dalili zaidi ya ghadhabu. Likabaki swali la msikiti na adabu zake, nalo ni swali ambalo wanavyuoni wa pwani wameendelea kuhitalifiana. Na ni dhahiri kwa anayetazama kwa insafu ya kuwa baadhi ya waliokasirika hawakukasirishwa na tari. Walikasirishwa na mkono ulioshika tari.

Habib Swaleh alipata taabu kwa hayo. Kudharauliwa na watu usiowajua ni jambo jepesi. Yeye alisemwa na watu wa daraja yake mwenyewe, na wengine katika jamaa za Masharifu, kwa kuwa amewashusha kwa kukaa na watumwa. Mwalimu akitengwa na wakubwa wa mji hukosa mengi: hukosa wa kumsaidia kujenga, na hukosa neno la kumtetea mbele ya wenye hukumu. Lakini hakuacha kuwasomesha aliowaanza. Vilevile hakuwafanya wanafunzi wake kuwa jeshi la kupigana na Mkomani. Hakuna habari ya kuwa alisomesha chuki. Kwa ajili hiyo mlango haukufungwa kwa upande wowote, na baadhi ya waliompinga, watoto wao walikuja kusoma Riyadha. Si wote, wako waliobaki na msimamo wao hata mwisho.

Msikiti wa Riyadha ulisimama mwanzoni mwa karne ya 20, pembezoni mwa Langoni. Jina lake limetokana na Riyadh ya Seyun katika Hadhramaut, mahali pa Habib Ali bin Muhammad Al-Habshy, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 1843 na kufariki mwaka 1915. Huyo alikuwa na chuo kilichowapokea wanafunzi kutoka kila upande, naye Habib Swaleh alishikamana naye kwa barua na kwa mapenzi, akamfanya kuwa ni sheikh wake. Habib Ali alipotunga maulidi yake yaitwayo Simtud Durar, mwaka 1909, maulidi hayo yalifika Lamu yakasomwa Riyadha, na kutoka Riyadha yakaenea pwani nzima. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Waliosema ya kuwa mambo ya Langoni ni mambo ya watumwa wasiojua, sasa walikuta ya kuwa yana isnadi inayofika kwa wakubwa wa Hadhramaut, na wao wenyewe Hadhramaut ndiyo waliyoitukuza. Ndivyo ilivyokuwa ya kuwa mtaa ulio duni ulipata nguvu kwa kufungamana na sheikh wa mbali.

Ama msikiti na chuo, vilisimama kwa mikono na vitoweo vya watu. Penye chuo cha mtu mmoja, mwalimu akifa au akifilisika chuo hufungwa. Riyadha iliwekewa wakf. Wakf katika sheria ni mali iliyozuiliwa asili yake isiuzwe wala isirithiwe wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yakaenda kule alikosharti mwenye kuweka. Aliyekuwa na shamba aliweza kutoa minazi yake, na asiyekuwa na shamba alileta samaki, au kuni, au siku moja ya kazi yake. Nazi moja ya maskini haijengi msikiti, lakini mwenye kuitoa hupita mbele ya msikiti huo akijua ya kuwa na yeye yumo ndani yake.

Chuo kikawa kinapokea wageni. Walikuja vijana kutoka visiwa vya Bajuni, na kutoka Ngazija, na kutoka bara ya pwani, katika watu ambao baba zao hawakuwa Waislamu. Walikaa hapo, wakasoma, wakalishwa, wala hawakutakiwa malipo. Kijana mgeni katika mji ni mzigo juu ya mji, na miji mingi humtazama kwa jicho la upande. Langoni haikuwatazama hivyo, kwa sababu wengi katika watu wake na wao walikuwa wageni, au wana wa wageni, au watu walioletwa kwa nguvu kutoka makwao. Walijua njaa ya mgeni ilivyo. Na wanafunzi hao waliporudi makwao walisomesha, na kila mmoja alikuwa na nyumba moja au mbili za Lamu alizozitaja kama nyumba za jamaa zake.

Wakati huo huo dunia ya Lamu ilikuwa ikigeuka. Kuanzia mwaka 1895 pwani hii ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kwa sheria. Waungwana wakapoteza kazi ya mashamba yao, na mali nyingi ikaondoka. Walioachwa huru walikuwa huru, lakini wa nani? Hawana kabila ya kuwapokea, wala ardhi, wala jina katika mji. Serikali iliwapa uhuru wala haikuwapa jirani. Wale waliokwisha kukaa katika vikao vya Habib Swaleh walikuwa na mahali pa kwenda: walikuwa na msikiti wanaojulikana ndani yake kwa majina yao, na mwalimu anayewatambua watoto wao, na maulidi yasiyokamilika wao wasipokuwapo. Kuna wanaohesabu kazi ya mwalimu kwa idadi ya waliohitimu. Kwa hesabu hiyo kazi hii haionekani kabisa, na huenda ikawa ndiyo kubwa zaidi.

Kila mwaka, mfunguo sita, maulidi ya Riyadha yalizidi kuwa makubwa. Mji mzima uliingia kazini: nyumba zilifagiliwa kupokea wageni, vyungu viliwekwa, na majahazi yalikuja na watu kutoka Mombasa, na Unguja, na miji ya kaskazini. Hata wenye nyumba za Mkomani walijikuta wana wageni wa Riyadha ndani ya daka zao. Mtu anaweza kubishana juu ya tari na kitabu mkononi, lakini mgeni aliyetoka safari ya baharini hupewa maji kwanza. Kwa njia hii ya ukarimu, iliyo ya zamani kuliko ugomvi wao, pande mbili za mji zilianza kukutana.

Habib Swaleh aliufikia uzee akiwa hapo hapo. Hakujenga jumba, wala hakuacha mali ya kutajwa. Alifariki mwaka 1935, na kaburi lake liko Lamu.

Siku afapo mwalimu kama huyu ndiyo siku ya kujua kama watu walimpenda yeye peke yake au walikuwa wamekipenda na chuo. Msikiti ulikuwa na wakf wake, na wanafunzi walikuwapo, na kazi ilishikwa na mwanawe, Sayyid Ahmad Badawy, aliyekuwa amesoma kwa baba yake na kusomesha pamoja naye. Yeye naye hakukaa sana. Alifariki mwaka 1939, miaka minne tu baada ya baba yake. Misiba miwili ya namna hii katika muda mfupi imevifunga vyuo vingi. Darasa za Riyadha hazikukatika. Jamaa walizishika, na mtaa ukaendelea kuleta nazi na samaki kama ulivyozoea, na mfunguo sita ulipofika vyungu vikatolewa.

Mpaka leo maulidi hayo yanasomwa kila mwaka, na baada yake watu huenda kwa zefe kumzuru kaburini, matari yakipigwa, wakipita katika njia nyembamba za Langoni, na wenye nyumba husimama milangoni wakiwamiminia marashi wanaopita. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu waliosoma kwake, na wale waliobeba mawe ya msikiti wake ambao majina yao hayakuandikwa. Amin.